Goli Halipokelewi

Jikoni kwa binti yangu Kwandu, kule Brazili, kuna saa ya ukutani, ya plastiki, nyeupe, ya kawaida tu. Siku niliyofika niliitazama nikacheka peke yangu. Kwetu, nyie wa rika langu mnajua, saa tunaisoma kwa kuigeuza. Mkono mfupi ukisimama kwenye nane wewe unasema saa mbili, wala hujiulizi. Ile ya Kwandu haikutaka kugeuzwa. Mkono mfupi ukionyesha mbili, kwetu Bariadi nako ni saa mbili; ila Bariadi ni usiku, watu wanamaliza kula, na huku jua la mchana limekaza. Nikamwita Kwandu aje aone maajabu.

"Mama, ni tofauti ya saa sita tu," akasema, akarudi kunyonyesha.

Sawa, tofauti ya saa sita. Lakini mimi niliona kama nimetundikiwa kwetu pale ukutani, nipaone, nisiweze kuingia.

Nijieleze kidogo. Shule niliishia darasa la tatu na sioni aibu kulisema. Mashine mbili za kukoboa mpunga pale Dutwa ni zangu, nimezipata kwa mgongo huu huu, na Kwandu nimemsomesha kwa pumba na chenga za mchele mpaka akawa mtaalamu wa mbegu za pamba na Wabrazili wakamtaka. Alipojifungua mtoto wa kwanza nilipanda ndege kwenda kumlea, kama mama yeyote anavyomwendea binti yake mzazi. Sikwenda kutembea.

Kabla ya kuondoka nilipita Mwamapalala kumuaga kaka yangu Masanja. Tulizaliwa wengi tukabaki wawili. Figo zilikuwa zimemkamata, amekonda mpaka shati lake limekuwa kama la kuazima. Nikamwambia ukweli, maana mimi kuzunguka sijui.

"Ukifa nikiwa kule sitawahi kukuzika. Kule siyo Dutwa, kwamba nitadandia basi."

"Nani kakwambia nakufa?" akasema. "Timu ya taifa imefuzu, inakwenda kwenye mashindano ya Afrika. Mpaka itolewe, mimi nipo."

"Na ikitolewa mapema?"

"Hilo ni kosa la wachezaji, siyo langu."

Tukacheka. Lakini maneno yale niliyabeba kwenye ndege kama mtu aliyebeba yai mkononi. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, nikaanza kuiombea timu ya mpira kana kwamba ndiyo dawa ya figo.

Brazili ni nchi ya mpira wenyewe, lakini mpira wa Afrika hawana habari nao. Mtaani hakuna aliyejua kwamba kuna mashindano. Kwandu akanitafutia kwenye intaneti, picha ikaja kwenye televisheni ya sebuleni. Masanja yeye alikuwa na redio, televisheni hakuipenda, alisema inamfikiria mtu kama mjinga asiyejua kujichorea picha kichwani. Basi binti yake wa mwisho, Nkamba, ananipigia simu, anaiweka pale kitandani kati ya baba yake na redio, tunafuatilia pamoja. Tatizo picha yangu ilikuwa inachelewa. Sauti ya Masanja imeshafika, picha ya jambo lile lile bado iko njiani inavuka bahari. Na yule mzee alivyokuwa mchokozi!

"Mdogo wangu, usipepese macho sasa. Tazama kona ya kulia."

"Kuna nini?"

"Nimesema tazama. Siku hizi mimi mganga, naona ya mbele."

Kweli, mara mpira unapigwa kutoka kona ya kulia, kichwa, goli. Mimi napiga kigelegele, Kwandu anachungulia kutoka chumbani amebana midomo, mtoto amelala, na kwenye simu Masanja anacheka mpaka kicheko kinageuka kikohozi na Nkamba anasema, "Baba, taratibu."

Na kila simu ilianza hivyo hivyo. Watu wengine wakipigiana wanaanza na mwadila, mhola, habari za huko. Sisi hapana. Mmoja anauliza, "Ngapi ngapi?" Mwingine anajibu, "Bado." Hata kama mechi haijaanza. Hata siku isiyo na mechi kabisa. Hata miaka ile tulipokuwa tunakutana sokoni nimebeba debe kichwani. Kwandu akaniuliza, mama, ni salamu gani hiyo ya wazee wawili? Nikamwambia kanyonyeshe mtoto. Ni habari ndefu, na haielezeki kwa mtu ambaye hajawahi kupanda dungu.

Shamba la baba la mtama lilikuwa bondeni, nyuma ya kilima ukitokea kijijini. Mtama ukianza kuingia maziwa, kwelea wanajua kabla ya mwenye shamba. Wanashuka kama mtu amekata gunia la mchanga angani. Ukiwapa nafasi ya mtu kula ugali na kunawa, suke linabaki bua, na nyinyi mwaka ule mtakula mnachopewa na majirani. Ndiyo maana kuna dungu: miti minne, ngazi, na jukwaa la fito juu yake katikati ya shamba. Kazi ya kuamia ndege ilikuwa yangu. Kuanzia jogoo mpaka jua linapozama na ndege nao wanakwenda kulala.

Nilikuwa na kombeo la katani, rundo la madongo yaliyokauka, na kamba ndefu yenye madebe mabovu. Nikiivuta, shamba zima linalia. Na sauti. Jioni nilikuwa nazungumza kama mzee wa tumbaku. Mama alikuwa ananifungia michembe ya kuchemsha, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, kwenye kitambaa. Mpaka leo harufu ya michembe ikitoka chunguni nasikia madebe.

Masanja alikuwa golikipa wa kijiji. Glovu hakukuwa na za kununua, mama alimshonea kwa gunia la pamba, mbili, nene, kama mikono ya mtu aliyevimba. Kila asubuhi kabla ya kupeleka ng'ombe alipita shambani kufanya mazoezi, na mwalimu wake nilikuwa mimi. Alisimama njiani chini ya dungu, kijiti huku, kijiti kule, hilo ndilo goli. Mimi juu naweka dongo kwenye kombeo.

"Rusha kama unataka kuniua!"

"Nikikuua mama atanipiga."

"Rusha, wewe! Golikipa haombi mpira uje polepole."

Narusha. Anaruka ubavu, vumbi, dongo linapasukia kwenye gunia. Anainuka anakohoa vumbi, anasema, "Hiyo ingekuwa goli kwa mwingine, siyo kwangu." Mimi nawaambia nyinyi, kuna magolikipa waliofundishwa na watu wenye vyeti. Yule alifundishwa na mtoto wa kike juu ya dungu, na sijaona aliyekuwa anaruka kama yeye.

Mwaka ule vijiji vilishindania dume la ng'ombe. Lilikuwa limefungwa kwenye nguzo pembeni ya uwanja tangu mechi za kwanza, linakula majani ya watu wote, linanenepa. Mimi mpira sikuwahi kuuona, nilikuwa nausikia tu. Watu walikuwa wanasema, "Jumapili wanagombea dume." Kwetu mtoto akisikia mtu anagombana na dume anaelewa jambo moja. Nikajua kazi ya golikipa ni kulizuia lile dume lisipite kati ya vijiti. Nikamtazama Masanja na glovu zake za gunia, usiku nikalia. Akaniuliza nalia nini, nikamwambia litakuchoma pembe. Alicheka akaanguka chini kabisa.

"Dume limefungwa," akaniambia. "Kinachofunguliwa ni mpira."

Ikabaki fainali. Nilimwomba baba niende, siku ile tu. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Akaniuliza, "Na ndege nao wanakwenda mpirani?" Mambo yakaishia hapo.

Masanja aliniona nimenuna. Asubuhi ya fainali alikuja bondeni, hakufanya mazoezi, akapanda ngazi akakaa na mimi juu ya fito.

"Sikiliza. Upepo wa jioni unatoka kijijini kuja huku. Uwanja wetu, watu wetu. Tukifunga, utasikia. Wewe hesabu kelele."

"Na mkifungwa?"

Akajikuna kichwa kwa ile glovu. "Hapo hutasikia kitu."

Mtoto wa rika lile asingefikiri mbali, lakini mimi nilikuwa na siku nzima ya kufikiri. Magoli yetu yana sauti. Magoli yao hayana. Maana yake kila ukimya wa jioni ile ungeweza kuwa Masanja amelala chini na mpira uko nyuma yake. Na ukimya ndio ulikuwa mwingi.

Kelele ya kwanza ilikuja jua likiwa bado juu. Ilipanda, ikapasuka, ikawa ngoma na vigelegele, ikaisha. Moja. Nilivuta kamba, madebe yakaitika, ndege wakaruka shamba zima. Halafu kimya. Kimya kirefu. Nikasimama, nikakaa, nikasimama. Nikarusha madongo hata pasipo na ndege. Nilikuwa nasema peke yangu, "Ruka kushoto. Ruka kulia," kama vile maneno yangu yangepanda kilima yakamfikia. Kelele ya pili. Mbili! Halafu tena kimya, kibaya kuliko cha kwanza, maana sasa tulikuwa na kitu cha kunyang'anywa.

Ndipo ikaja ya tatu.

Haikufanana na zile. Ilianza na sauti moja nyembamba ya mwanamke, ikapanda, ikakaa huko huko juu. Nyingine ikaidaka. Nikasikia imehama: ilikuwa uwanjani, sasa iko nyumba za upande wa kisima, sasa iko kwa mzee mwenye ng'ombe wengi karibu na kilima. Inakuja. Nikasema moyoni, hilo siyo goli la kawaida, hilo ndilo la dume! Watu wanalishangilia mpaka walio nyumbani! Ilipofika juu ya kilima na kunishukia, nikafanya nini? Niliweka viganja mdomoni nikapiga na mimi, kwa nguvu zangu zote, kwa ile ile sauti nyembamba isiyoshuka. Nikaruka juu ya fito mpaka dungu likayumba. Nikavuta madebe. Na watu wa ng'ambo ya mto, ambao timu yetu iliwatoa kwenye nusu fainali, nao wakaipokea kwangu wakaipeleka mbele. Niliwaona watu wema sana. Nikasema, kumbe hawana kinyongo.

Sijamaliza kuruka nikaona wanaume wanamiminika kutoka kilimani. Upinde, mkuki, rungu, wengine mikono mitupu. Wachezaji wa timu zote mbili wamechanganyika, bukta, miguu mitupu, hawazungumzi. Wanapita katikati ya mtama wa baba wanaukanyaga na hakuna anayejali. Masanja alikuwa kati ya wa mbele. Glovu bado ziko mikononi.

Nikamwita kwa sauti yote iliyobaki. "Masanja! Ngapi ngapi?"

Alitazama juu. Akainua ule mkono mnene wa gunia, kama mtu anayesema ngoja kwanza, akapita.

Mzee mmoja wa nyuma, aliyekuwa anahema, alinipigia kelele, "Wewe mtoto, shuka, nenda kwa mama yako!" Lakini baba alikuwa amesema nisishuke mpaka jua lizame. Amri mbili, na mimi nina miguu miwili tu, yote iko juu ya dungu. Nikabaki. Hata ndege hawakurudi. Nilikaa pale natazama njia waliyoikanyaga kwenye mtama, mabua yamelala kuelekea mtoni, na sikujua nashangilia nini tena.

Jua lilipozama nilikimbia nyumbani. Mama alinidaka mlangoni kwa bega.

"Nani alipokea mwano kule bondeni?"

"Mwano gani? Mimi nimeshangilia goli."

Mama alinitazama. Akakaa chini pale pale kizingitini, akafunika mdomo kwa mikono, mabega yakatikisika, na mimi nikafurahi kwamba nimemchekesha. Alipoondoa mikono nikaona machozi. Ndipo akanieleza. Wakati watu wote wako mpirani, wezi waliingia kwenye mazizi, wakaswaga ng'ombe. Mwanamke aliyebaki nyumbani na mgonjwa ndiye aliyewaona, akapiga mwano, yowe la hatari. Na mwano sheria yake ni moja: ukiusikia unaupokea, unaupeleka kwa jirani, na mwanaume anatoka alivyo. Anayebaki ndani atakuja kuulizwa.

"Sikiliza mwanangu, usikosee tena," akasema. "Goli halipokelewi. Goli linapigwa pale, linaishia pale. Ukisikia kelele, nyumba ya pili imeipokea, ya tatu imeipokea, hiyo siyo furaha. Furaha yako jirani haipokei hivyo. Inayopokelewa ni shida."

Kulipokucha nikarudishwa dunguni. Ndege hawajui kwamba kuna jambo. Nikawa naamia huku macho yako mtoni. Kuna kungoja kwa mtu mzima, anakwenda huku, anauliza kule, anapika hata kisicholiwa. Kungoja kwa mtoto ni kibaya zaidi, hana wa kumuuliza. Nilikuwa naona mbali kuliko mtu yeyote kijijini, kwa sababu ya lile dungu, na kuona kwangu hakukumsaidia mtu.

Nikaona vumbi kwanza. Ng'ombe. Walirudi nao, wengi wao. Halafu wanaume, wanatembea polepole. Halafu nyuma kabisa wanne wamebeba kitanda cha miti, na pembeni ya kile kitanda kuna mkono umening'inia, na kwenye ule mkono kuna gunia la pamba.

Nikashuka. Kwelea walikuwa wanatua upande wa chini wa shamba, nikawaona, nikashuka hivyo hivyo, na hakuna aliyeniuliza kamwe habari za ndege wa siku ile.

Alikuwa mzima. Mshale ulikuwa umeingia kwenye goti. Midomo imepauka, macho yako wazi. Nikakimbia sambamba na kitanda. Nikauliza lile lile.

"Ngapi ngapi?"

"Mbili moja," akasema kwa taabu. "Bado. Hatujamaliza."

Hawakumaliza mpaka leo. Lile dume lilichinjwa likawa kitoweo cha waliofuata nyayo za wezi, timu zote mbili zikala chungu kimoja. Wazee walisema mechi itarudiwa baada ya mavuno, lakini dume jingine halikupatikana. Goti la Masanja lilipona likiwa limekakamaa, mguu mmoja ukawa fimbo. Hakusimama tena kati ya vijiti. Miaka yote hiyo, mtu akimwambia fainali ile mlishinda, anakataa. "Bado," anasema. "Dakika zilikuwepo."

Na mimi nikasifiwa, hebu fikirini. Kumbe wale wa ng'ambo, waliopokea mwano kwangu, ndio walioziba kivuko ng'ombe wasipite. Wanaume wakaja kwa baba kumpongeza, binti yako mdogo lakini hakulala. Baba akasema, "Alipokea vizuri." Mama akanitazama kwa jicho la pembeni, hakumwambia mtu. Nilipata sifa ya jambo nililolifanya nikicheza.

Sasa nirudi Brazili.

Mechi ya tatu ya timu ya taifa ilianza mkono mfupi umepita mbili. Kwandu alikuwa amejilaza chumbani, mtoto nimemlaza kifuani, amelala, jasho lake limelowesha gauni langu. Nkamba akapiga.

"Ngapi ngapi?" nikauliza.

"Bado," Masanja akasema. Sauti ilikuwa chini sana, kama ya mtu aliye ndani ya kisima.

"Leo wewe siyo mganga?"

Redio ilikuwa inaongea nyuma yake. Nkamba akashika simu. "Shangazi, amefumba macho, lakini anasikiliza. Mpira ukienda golini kwao, kidole kinacheza."

"Isogeze redio."

"Nimeshaisogeza."

Kipindi cha kwanza, bila bila. Kila mara nilimwita. "Masanja, vipi hiyo kona?" Nkamba anajibu, "Amesikia, shangazi." Nilitaka kusema neno la maana, la mdogo kwa kaka yake, na mdomoni yalikuja ya mpira tu. Mpitishieni kushoto. Mbona hakabi huyo. Kipindi cha pili kikaanza. Kuelekea mwishoni Kwandu akaingia bafuni kuoga, na wapinzani wakatukalia kooni. Nikamwambia golikipa wetu wa kwenye televisheni, kimoyomoyo kwa sababu ya mtoto, "Ruka. Ruka."

Ndipo kelele ikatoka kwenye simu.

Goli! Nikageuza macho kwenye picha, maana nilijua inachelewa, nitaliona sasa hivi. Mpira ulikuwa katikati ya uwanja, kwa kijana wetu. Nikamfuata kwa macho. Akampa mwenzake. Haya, ndilo hili, linakuja.

Na kwenye simu, mbali, nyumba ya pili ikapokea.

Sauti ya mwanamke, nyembamba, imepanda, haishuki. Halafu ya tatu, upande mwingine kabisa. Halafu simu ikakatika.

Sikuhitaji kupigiwa tena. Mama alishanifundisha. Lakini sikuyaondoa macho kwenye televisheni. Nikasema huenda leo Mwamapalala wamebadilika, huenda siku hizi goli linapokelewa, majirani nao wana redio. Kijana wetu akaingia ndani ya boksi, akapiga, mpira ukagonga mwamba ukarudi. Nikangoja mwingine. Nilikuwa tayari kuamini goli lolote, hata la mkono.

Mwano unapokelewa. Nikiwa mtoto niliupokea bila kujua ni nini, kwa sauti yote, nikiruka. Sasa ninajua, na sauti ninayo, na mtoto wa watu amelala kifuani. Na hata ningepiga, pale mtaani nani angeipokea aipeleke mbele? Nikakaa. Nikambana yule mtoto kidogo, akakunja uso, akaendelea kulala.

Filimbi ikapulizwa. Bila bila. Mtangazaji akasema sare inatutosha, tumevuka, tunaingia hatua inayofuata. Vijana wakakumbatiana pale uwanjani, mmoja akapiga magoti. Timu haikutolewa.

Kwandu akatoka bafuni, taulo begani, anakausha masikio. Hakusikia kitu, maji yalikuwa yanamwagika.

"Mbona kimya hivyo, mama? Leo hata kigelegele hakuna. Ngapi ngapi?"

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Saa ilikuwa pale ukutani, haihitaji kugeuzwa, inaonyesha saa ya kwetu vile vile ilivyo.

"Bado," nikamwambia.